Bingwa wa Mtaa Aonyeshe Ushahidi



Pita mtaa wowote wa Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa jua likishapoa, hutakosa kibanda cha gemu. Televisheni mbili tatu ukutani, benchi la mbao, pedi zilizochakaa vitufe, na vijana wamejaa hadi mlangoni wakisubiri zamu. Katika kila kibanda yupo mmoja ambaye hafungiki. Wenzake wanamjua, mtaa wa pili wanamsikia, mtaa wa tatu wanabisha. Na wana haki ya kubisha, maana hakuna aliyewahi kuwaonyesha chochote. Mechi ikiisha, pedi inapokelewa na mwingine, na lile bao la dakika ya 90 linabaki midomoni mwa waliokuwepo, likiongezwa chumvi kila linaposimuliwa.

Leo nataka tuzungumze juu ya kidude kinachoweza kumaliza ubishi huo. Ni kadi ya kunasa video, ile ya bei nafuu inayouzwa mtandaoni kwa dola 10 hadi 20 za Marekani, na ambayo siku hizi haikosekani kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki ya miji yetu. Inaingia kiganjani na kubaki nafasi. Zipo za kampuni zenye majina makubwa, kama Elgato, ambazo huanzia kwenye dola 100 na kupanda. Basi wapo watakaokwambia kwamba cha rahisi ni ghali, uache hivyo vidude vya dola 10, ukusanye fedha mpaka upate kadi ya maana. Kwa hili mimi nawakatalia. Cha rahisi kinatosha, mradi mnunuzi ajue kinaweza nini na hakiwezi nini. Wengi wanaokitupa kabatini hawakuangushwa na bei. Waliangushwa na mambo ambayo hakuna aliyewaeleza dukani.

Lakini kabla ya kufika dukani, tujiulize: kurekodi kuna faida gani? Ngoja nikupeleke Pakistan. Mwaka 2019, kijana wa Lahore aitwaye Arslan Siddique, ambaye ulingoni hujiita Arslan Ash, alishinda mashindano ya Evo Japan katika gemu ya mapigano ya Tekken 7. Miezi michache baadaye akashinda tena Evo yenyewe, kule Las Vegas. Wapenzi wa Tekken walipigwa butwaa. Kwa miaka mingi waliamini kwamba wakali wa mchezo huo wako Korea Kusini na Japani. Arslan akawaambia kwamba nyumbani kwao wapo wengine wakali vilevile. Mkongwe wa Korea Kusini, Bae Jae-min, maarufu kwa jina la Knee, alifunga safari hadi Pakistan mwaka huohuo kujionea, na huko akakuta kweli: wachezaji wasiojulikana duniani walimpiga. Uwezo wao ulikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa nje kuuona.

Na sisi huku hatuko mbali na habari hiyo. Mkenya Sylvia Gathoni, anayecheza Tekken kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa ya UYU mwaka 2018. Kwa hiyo mlango upo, na umeshawahi kufunguliwa na mtu wa Nairobi. Lakini anayetafuta mchezaji hatapanda ndege aje kukaa kwenye benchi la Manzese au Likoni asubiri zamu ya bingwa wenu. Atataka kuona video. Na hata kama hutafuti timu, video ni mwalimu. Mchezaji anayetazama mechi aliyofungwa huona mwenyewe kwamba beki wake wa kushoto anapanda kila mara na harudi. Kwenye joto la mechi hilo halionekani.

Haya, sasa tukifungue kidude chenyewe.

Mashine ya gemu, iwe PlayStation 4, PlayStation 5, Xbox au Nintendo Switch, hupeleka picha na sauti kwenye televisheni kwa waya mmoja wa HDMI. Kadi ya kunasa inapokea waya huo upande mmoja, na upande wa pili ina kichwa cha USB cha kuchomeka kwenye laptopu. Laptopu inaiona kadi kama kamera ya kawaida, kama ile ya kufanyia mikutano ya mtandaoni, kwa hiyo haidai programu ya ziada ili itambulike. Unachohitaji ni programu ya kurekodia tu, na iliyo maarufu kuliko zote ni OBS Studio. Imekuwepo tangu 2012, haiuzwi, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Asiye na laptopu naye asikate tamaa: baadhi ya simu za Android, ukiunganisha kadi kwa waya wa OTG, ule wa kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu, na kuweka programu ya kusomea kamera za USB, huonyesha picha na kurekodi.

Sasa tugeuze boksi tusome maandishi. Hapa ndipo watu wanapolaghaiwa. Kwenye boksi pameandikwa 4K kwa herufi kubwa. Si uongo mtupu, ila si ukweli unaoudhania. Maana yake ni kwamba kadi inaweza kupokea picha ya 4K kutoka kwenye mashine. Inachopeleka kwenye laptopu ni picha iliyopunguzwa hadi 1080p, basi. Nyingi ya kadi hizi ndani yake zina chipu moja, MS2109 ya kampuni ya Kichina ya Macrosilicon, na chipu hiyo hutoa picha 30 kwa sekunde kwenye 1080p, au picha 60 kwa sekunde kwenye 720p. Ukiambiwa kadi ya namna hii inarekodi 4K, mshukuru muuzaji kwa maneno yake mazuri, kisha uendelee na bei ya kadi ya 1080p.

Kwa nini ina mpaka huo? Tufanye hesabu kidogo, msikilizaji, wala haitatuumiza kichwa. Picha moja ya 1080p ina nukta zaidi ya milioni 2. Ikipelekwa bila kubanwa, kwa mpangilio ambao kadi hizi hutumia, kila nukta inachukua baiti 2, kwa hiyo picha moja ni kama megabaiti 4. Zidisha kwa picha 30 za kila sekunde, unapata megabaiti 124 kwa sekunde. Njia ya USB 2.0, ambayo ndiyo kadi hizi hupitia, kwa hesabu ya kwenye karatasi inabeba megabaiti 60 kwa sekunde, na kwenye kazi halisi haifiki huko. Ni sawa na kutaka abiria wa treni nzima waingie daladala moja kwa mkupuo. Ndiyo maana kadi huibana kila picha kabla ya kuituma, kwa njia iitwayo MJPEG. Kubana huko kunapunguza ukali kidogo, hasa kwenye maandishi madogo na kwenye nyasi za uwanja kamera inapokimbia. Kwa video ya kutazamwa kwenye simu, wengi hawataona tofauti.

Hesabu hiyohiyo inakupa kipimo cha kumkagua muuzaji. Siku hizi zipo kadi zenye plastiki ya bluu mdomoni mwa USB, na boksi linasema USB 3.0. Rangi ya bluu mtu yeyote anaweza kuipaka. Kiinue kidude kwenye mwanga, uchungulie ndani ya kichwa chake. USB 2.0 ina vyuma vinne tu. USB 3.0 halisi ina vile vinne vya mbele, na nyuma yake vingine vitano vidogo. Ukiona vinne peke yake, hiyo bluu ni ya kupendezesha. Na kama umeshainunua, fungua OBS, ongeza kifaa cha kunasa video, kisha angalia orodha ya aina za picha kinazotoa. Ukikuta kwamba kwa 1080p isiyobanwa, ile iitwayo YUY2, kadi inakupa picha 5 tu kwa sekunde, umepata jibu lako.

Basi ukishajua mpaka wake, chagua kwa akili. Unarekodi mchezo wa kutazamwa tu, mpira au mbio za magari, ili umtumie rafiki? Weka 1080p kwa picha 30. Unarekodi mapigano ili ujifunze? Hapo nakushauri ushuke hadi 720p upate picha 60. Sababu ni hii: Tekken hutembea kwa picha 60 kila sekunde, na ngumi ya haraka ya kawaida hufika kwa adui baada ya picha 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Ukirekodi picha 30, unatupa nusu ya ushahidi. Utaona umepigwa, ila hutaona ulipochelewa.

Sasa tuje kwenye jambo linaloongoza kwa kurudisha kadi dukani. Mtu ameunganisha kila kitu, amewasha PlayStation 4, na kioo cha laptopu ni cheusi tii. Anarudi kwa muuzaji akiwa amekunja uso: mmeniuzia kadi mbovu. Kadi si mbovu. Mashine imefunga picha yake kwa kufuli la kidijitali liitwalo HDCP, ambalo lilibuniwa na Intel kuzuia watu wasinakili filamu. Sony wenyewe wameruhusu kufuli hilo lifunguliwe unapocheza gemu. Kwenye PlayStation 4, nenda kwenye mipangilio, ingia sehemu ya mfumo, utoe alama ya tiki kwenye HDCP. Kwenye PlayStation 5, imo sehemu ya mfumo pia, chini ya HDMI. Picha inakuja papo hapo. Kumbuka tu kwamba baadhi ya programu za kutazamia filamu zitagoma mpaka uirudishe. Kwenye Nintendo Switch na Xbox, gemu kwa kawaida hazifungwi hivyo.

PlayStation 3 ni habari nyingine. Kufuli lake kwenye HDMI halina pa kulizimia. Nalitaja hili kwa sababu vibanda vingi bado vinaishi kwa PlayStation 2 na 3. PlayStation 2 iliuzwa kote duniani kwa zaidi ya mashine milioni 150 na haijafa mpaka leo. Kwa hizo mbili, achana na kadi ya HDMI. Tafuta kidude cha USB chenye matundu ya rangi, njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti. Bei yake nayo ni ya chini. Uzuri ni kwamba tundu la nyuma la waya huo ni la aina moja kwa PlayStation 2 na 3, kwa hiyo waya mmoja unahudumia zote mbili. Picha haitakuwa kali, na kitu kikikimbia kwenye kioo utaona mistarimistari kama meno ya kitana. OBS ina sehemu ya kuiondoa mistari hiyo, ukibofya kwa kitufe cha kulia juu ya chanzo cha picha. Washa, na mchezaji atarudi kuwa mtu mmoja.

Jambo jingine ni picha kuchelewa. Usijaribu kucheza ukitazama kioo cha laptopu. Picha inapita kwenye kadi, inabanwa, inafunguliwa, ndipo inaonekana, na kwa wakati huo kipa wa mwenzako ameshadaka. Televisheni ibaki kuwa ya kuchezea, laptopu iwe ya kurekodia. Ili picha moja iende sehemu mbili, nunua kadi yenye tundu la pili la HDMI la kutolea picha, au nunua splita, kile kigawanyio cha HDMI kinachoingiza waya mmoja na kutoa miwili. Kwa kibanda hili ni la lazima, maana mteja aliyelipia mechi yake hatakubali mchezo wenye kigugumizi kwa sababu tu mwenye kibanda anataka kurekodi.

Sauti nayo isisahaulike. Baadhi ya kadi hizi hujitambulisha vibaya kwa laptopu, ikaonekana sauti ni ya upande mmoja wakati ni ya pande mbili, au ikasikika ya ajabu. Kwa hiyo rekodi dakika moja ya majaribio, uvae spika za masikioni, usikilize yote. Kisha ongeza kipaza sauti cha simu au cha laptopu kwa ajili ya mtangazaji. Usicheke. Kila kibanda kina yule kijana asiyejua kucheza lakini anajua kutangaza mechi kuliko sisi tunaolipwa. Mpe nafasi. Video yenye utani wa mtaani na kelele za benchi ina thamani kuliko muziki wa kwenye gemu. Na huo muziki, kwa ushauri wangu, uzime kwenye mipangilio ya gemu yenyewe. Nyimbo zile zina wenyewe, na YouTube ina mtambo unaozitambua. Utashangaa video yako imezuiwa au mapato yake yanakwenda kwa mwenye wimbo.

Halafu kuna umeme. Miongozo mingi ya mtandaoni imeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki, kwa hiyo hili hawalitilii mkazo. OBS inakuruhusu kuchagua aina ya faili la kurekodia. Ukirekodi kwa MP4 ya kawaida na laptopu ikazimika ghafla kabla hujabonyeza kitufe cha kusimamisha, faili zima linaweza kuharibika lisifunguke tena. Fainali nzima imekwenda na maji. Ukirekodi kwa MKV, unachopoteza ni zile sekunde za mwisho tu. Mengine yote yapo. Ukimaliza, OBS hiyohiyo inakugeuzia MKV kuwa MP4 kwa muda mfupi bila kupunguza ubora. Kwa hiyo mwenzangu unayeishi kwa mgao, au ambaye umeme wako wa Luku huishia katikati ya mchezo, chagua MKV, na hakikisha betri ya laptopu imejaa kabla ya mechi.

Tukumbuke pia nafasi ya kuhifadhia. Ukirekodi kwa megabiti 6 kwa sekunde, ambacho ni kiwango kizuri kwa 720p, saa moja itakula gigabaiti 2.7. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32 haikubali faili moja linalozidi gigabaiti 4, kwa hiyo baada ya kama saa moja na nusu itagoma hata kama ina nafasi tele. Ipange upya kwa exFAT. Na kwa upande wa bando, usipandishe mtandaoni mechi nzima. Kata dakika mbili zenye uhondo, upandishe hizo, nyingine uziweke kwenye diski.

Najua yupo msikilizaji ananiuliza: mbona PlayStation 4 yenyewe ina kitufe cha kurekodi? Kweli, inacho. Kwa kawaida inatunza dakika 15 za mwisho, na unaweza kuiongezea hadi dakika 60. Kwa kijana anayecheza nyumbani kwao na anayetaka bao moja la kuwatambia wenzake, hiyo inamtosha, asitumie hata senti. Lakini kwa kibanda chenye mashindano ya kutwa nzima, kinachotaka mtangazaji, majina ya wachezaji kwenye kioo na matangazo ya moja kwa moja, na chenye mashine za aina mbalimbali, hapo kadi ndiyo jibu. Tena gemu nyingine huzuia baadhi ya vipande vyake visirekodiwe na mashine. Kadi haina habari na kizuizi hicho.

La mwisho ni la wenye vibanda. Mkirekodi, rekodini mchezo. Wengi wa wateja wenu ni watoto. Msiwaelekezee kamera nyuso zao na kuwapandisha mtandaoni bila wazazi wao kuridhia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Na hata pasingekuwa na sheria, mtoto wa jirani si tangazo la biashara.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Kadi ya dola 10 au 20 inatosha kibanda, inatosha mchezaji anayejifunza, na inatosha anayetaka kuonekana na watu wa mbali. Ya bei kubwa inunuliwe na yule ambaye kurekodi kumeshaanza kumlipa. Kama mna mashindano mwisho wa wiki hii, changishaneni, mnunue kidude kimoja, mzime HDCP, mchague MKV, mjaribu kwa dakika moja, ndipo mpulize kipenga. Na bingwa akishapatikana, yule wa mtaa wa tatu anayebisha atumiwe video, ajibu kwa video yake.